Usiuweke Mkono wa Simu

"Mkono wa simu usiurudishe mahali pake," Joash, fundi wa simu, alimwambia mkewe kabla ya kupanda mlingoti. "Kengele ikilia, umeme wa kuitikisa unapitia kwa hizi vidole zangu. Haitaniua, nyar Rangwe. Lakini nitashtuka, na huko juu mtu akishtuka anaanguka."

Ndiyo maana Edith, huyo binti wa Rangwe, alisimama dukani mwake Homa Bay, mwaka ule wa 1998, ameukumbatia mkono wa simu kama mtoto mchanga. Simu ikiwa imeinuliwa, anayepiga huambulia mlio wa laini yenye shughuli, na kengele hailii. Aliogopa hata kupiga chafya.

Yote hayo kwa sababu ya barua pepe. Waya wa shaba uliowaletea watu sauti miaka nenda miaka rudi ulikuwa na kiungo kilicholegea na kuota kutu. Sauti hupita na mikwaruzo yake, sikio likajijazia penye pengo. Modemu, kile kifaa cha kupitisha barua pepe kwenye waya wa simu, haina huruma hiyo. Mkwaruzo ukizidi, inakata. Basi Joash alikuwa juu kwenye manyunyu, akikikaza kiungo hicho bila kuukata waya.

Mara mlangoni akaingia Leonida, mama yake Edith, kutoka Rangwe. Tangu utotoni Edith hakuwahi kumsalimu mama yake kwa mkono mmoja. Kabla akili haijakumbuka lolote, aliuweka mkono wa simu mahali pake, akanyoosha mikono yote miwili.

"Oyawore, nyathina," mama alimwamkia mwanawe.

Kengele ikalia.

Hata kuinua simu Edith hakukumbuka. Alimpiga mama yake kikumbo akatoka mbio, akatazama matope chini ya mlingoti kwanza, maana juu hakuthubutu.

Joash alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlingoti, mzima, akivuta kaptura ifunike magoti.

"Maro ameingia?" alinong'ona. "Nimemwona kutoka huko juu akikuja. Sasa nitakaa aje juu ya kichwa ya mama mkwe, na hii kaptura? Nikashuka mbio."

Edith alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Simu iliendelea kulia ndani. Joash akaisikia, akavitazama vidole vyake vilivyolowa.

"Nani ameiweka chini?" aliuliza.

Edith akaificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo.