Bao Lililofungwa Watu Wamelala

Tangu Jumamosi jioni mtaa wetu wa Bwiza haukuzungumza kitu kingine. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa sita, sukari ilikuwa imeadimika madukani, kila njia ina bariyeri yake ya askari na kila bariyeri ina maswali yake, lakini ukipita mbele ya gereji ya Seifu ungesikia watu wazima, wenye wake na watoto, wakigombania jambo moja tu. Lile bao la vijana wa mtaa wa Kinama lilikuwa halali au si halali?

"Ameotea," alisema Seifu, mikono yake imejaa grisi hadi kwenye viwiko. Seifu ndiye aliyekuwa mkubwa wa mashabiki wa timu ya kolegi yetu, sekondari ya Bwiza, na alipoamua jambo alitaka mtaa mzima uamue naye. "Mabeki wetu wote wako chini, tumbo kwenye majani. Mutu amelala, utamuhesabu? Mutu amelala si beki tena, ni mukeka."

"Amelala lakini yuko uwanjani," Chabani fundi baiskeli akamjibu. "Sheria haisemi beki asimame."

"We sheria ulisomea wapi? Kwenye spoku za baiskeli?"

Watu wakacheka. Seifu akaongeza sauti. "Haya, tuache kuotea. Na mukono je? Yule kijana alishika mupira kwa mukono akauweka golini kama mutu anapanga nyanya. Nani wa kumuzuia? Sote tulikuwa chini."

"Ulimuona?"

"Nitamuona vipi na uso wangu uko kwenye udongo? Lakini najua. Ushindi gani ule? Waliwashinda watu waliolala. Hawakustahili hata kona."

Hatua nne kutoka pale, Saliha aligeuza chapati. Biashara yake ya chai na chapati ilikuwa imeegemea ukuta wa gereji, kwa sababu Seifu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake Massoudi. Tena golikipa aliyefungwa bao hilo alikuwa Tajudini, mwanawe wa pekee. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza yuko upande gani. Wangemuuliza nini?

Na Saliha alikuwa anajua. Katika watu wote waliokwenda uwanjani Jumamosi, wachezaji, refa, walimu na mashabiki wa pande mbili, ukimwacha aliyelifunga, yeye peke yake ndiye aliyeliona bao lile kwa macho yake.

Ilikuwa fainali ya kolegi za mji, kikombe ambacho Bwiza haikuwahi kukigusa. Dakika ya themanini ilifika hakuna aliyefunga. Saliha alikuwa amekaa nyuma ya goli la mwanawe na termosi yake na beseni la sambusa, kama kawaida yake. Kijana mmoja mwembamba wa Kinama, Callixte, akapokea mpira karibu na mstari wa kati akaanza kukimbia. Hapo ndipo bomu lilipopiga kutoka milimani.

Watu wa Bujumbura hawakuhitaji kuambiwa la kufanya. Kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa chini, wenye jezi nyeupe na wenye jezi nyekundu, mikono juu ya visogo. Melchior, yule mwalimu aliyekuwa refa, alilala akiwa na filimbi yake mdomoni. Tajudini alilala kwenye mstari wa goli, vizuri kabisa, kama mama yake alivyomfundisha.

Saliha alisimama. Hakukaa hata akafikiri, aliinuka tu kutoka kwenye kigoda akatazama. Akamwona Callixte anakuja bado, amejikunja, mikono yote miwili ameziba masikio, machozi yanamtoka, lakini mpira hauachi. Aliupiga kwa mguu wa kushoto. Ukadunda mara mbili, ukapita karibu na kichwa cha Tajudini, ukaingia. Kijana akageuka kutafuta mtu wa kumkumbatia na hakuona hata mmoja aliye wima, isipokuwa mama mmoja wa Bwiza nyuma ya goli. Wakatazamana. Halafu naye akalala.

Watu walipoinuka mpira ulikuwa kwenye nyavu. Filimbi haikuwa imelia, kwa hiyo Melchior akaonyesha katikati. Mchezo ukaisha moja kwa bila, Seifu akaandika malalamiko hapo hapo juu ya goti lake, na kikombe kikafungiwa kabatini hadi komite ya mashindano ikae Jumatatu.

Jumapili Tajudini hakula. Alikaa mlangoni akitazama viatu vyake. "Mama, huu ni mwaka wangu wa mwisho," alisema. "Wakisema mchezo urudiwe, mi sitalala tena hata likianguka juu ya kichwa changu. Kikombe kitakuja hapa."

"Kula kwanza," Saliha akamwambia, na sauti yake haikuwa nzuri. Angemwambia nini? Kwamba kikombe anachokitaka mwanawe kimekaa ndani ya mdomo wa mama yake? Akifunga mdomo, mchezo unarudiwa. Akifungua, anamnyang'anya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, anamwaibisha shemeji yake aliyempa ukuta wa kuegemea, na Bwiza nzima itamnunia. Usingizi ulimpaa usiku kucha.

Jumatatu baada ya masomo komite ilikaa katika darasa moja la kolegi ya katikati ya mji. Walimu watatu mbele, na mashabiki wamejazana hadi madirishani, Bwiza upande mmoja na Kinama upande mwingine. Saliha alisimama kwenye dirisha la nyuma na termosi yake. Alijiambia kwamba amekuja kuuza chai.

Melchior aliitwa kwanza. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilimfanya aonekane mjinga siku hiyo. "Refa anasema alichoona," alisema. "Mi niliona majani. Bomu lilipopiga nililala, na likipiga sasa hivi nitalala tena mbele yenu. Sikupuliza, basi mchezo haukusimama. Kama kulikuwa na mkono, sijui."

Watu walicheka, hata mwenyekiti wa komite, mwalimu mnene mwenye miwani, akafuta jasho akicheka. Kisha akamwita Callixte.

"We haukusikia bomu?"

"Nilisikia."

"Sasa kwa nini haukulala?"

Callixte alifikiri. "Nilikuwa na mupira," akasema.

Upande wa Kinama wakapiga makofi. Seifu akainuka. "Mwenyekiti, huyu ni mujeuri tu. Alikuwa na mupira, ndiyo, tuambie alikuwa nao wapi. Miguuni au mikononi?"

"Sikushika kwa mukono."

"Mikono yako ilikuwa wapi?"

Kijana akainamisha kichwa. Saliha alielewa papo hapo. Mbele ya vijana wenzake, mbele ya wasichana wa kolegi tatu, hawezi kusema kwamba alikuwa ameziba masikio analia. Afadhali aitwe mwizi.

"Munaona?" Seifu akasema. "Amekosa la kusema."

Mwenyekiti akamwuliza kijana kwa upole, "Kuna mutu aliyekuona?"

Callixte akainua macho. Yakapita juu ya vichwa vya watu, yakafika kwenye dirisha la nyuma, yakatua juu ya uso wa Saliha. Yakakaa hapo kidogo. Halafu akayarudisha chini.

"Yuko. Lakini siwezi kumusema. Ana watu wake."

"Basi hakuna," akasema mwenyekiti, na akamgeukia mwalimu aliyekuwa anaandika. "Andika. Hakuna shahidi. Mchezo urudiwe."

Bwiza ikalipuka kwa shangwe. Tajudini, aliyekaa benchi la mbele na wenzake, alifunika uso kwa furaha. Saliha hakuyasikia makofi. Alikuwa amesikia maneno mawili tu, na maneno hayo alikuwa ameshayasikia.

Mwaka wa tisini na tano, mchana kweupe, saa ya kupika, risasi zilianza mtaani. Alimlaza Tajudini sakafuni akamlalia juu, uso wake ameukandamiza kwenye saruji. Watu wakaingia. Wakamwita Massoudi kwa jina lake. Massoudi alikuwa amerudi kutoka bandarini mapema siku ile, bado ana vumbi la simiti kwenye nywele. Akawajibu kwa adabu kama anavyojibu mtu yeyote. Wakatoka naye. Saliha hakuinua uso. Alichokiona siku ile ni ufa wa sakafu na kandambili moja. Wiki ya pili akaenda ofisi ya serikali kushitaki, na mtu wa pale akamwuliza walikuwa wangapi, wamevaa nini, nyuso zao je. Akasema, nilikuwa nimelala. Yule mtu akaandika maneno mawili akafunga faili. Hakuna shahidi. Massoudi hakurudi, na hakuna aliyeulizwa tena.

"Futa hayo," alisema Saliha.

Hakupiga kelele, lakini waliokuwa karibu waligeuka, na waliogeuka wakawagusa wengine. Aliweka termosi chini, akazunguka, akapita mlangoni katikati ya watu hadi mbele.

"Futa hayo maneno, mwalimu. Shahidi yuko. Ni mimi."

"Wewe ni mama wa golikipa wa Bwiza," mwenyekiti alisema, amechanganyikiwa.

"Ndiyo. Ni mwanangu huyo pale. Na bao ni halali. Alipiga kwa mguu wa kushoto, ukadunda mara mbili, ukaingia."

Seifu alikuwa ameshamfikia. Alisema kwa sauti ya chini, ya nyumbani. "Shemeji. Tuachie haya mambo. Sote tulikuwa tumelala."

"Nyinyi. Mi nilisimama."

"Bomu linapiga, we unasimama? Akili zako zilikuwa wapi?"

"Machoni."

Kuna mtu aliyetaka kucheka akajizuia. Saliha alimtazama shemeji yake, na hasira iliyomkaa kifuani miaka minne ikapanda yote mara moja.

"Seifu, siku walipomuchukua kaka yako nililala. Nililala vizuri sana. Ukaja we mwenyewe, ukanishika mabega, ukaniuliza ni nani, Saliha, umemuona nani? Nikakuambia sijui. Ile sijui haukunisamehe mpaka leo. Usinibishie, naiona kila asubuhi unaponisalimia. Siku ile nilikula yamini kwamba uso wangu hautagusa tena chini nikiwa hai. Kila bomu, kila risasi, mi nasimama, naangalia. Watu wanasema nimerukwa na akili. Waseme. Leo ndiyo mara ya kwanza mutu ananiuliza umeona nini, na mi nimeona. Unataka niseme tena sijui?"

Seifu alitazama mikono yake iliyojaa grisi, kisha akakaa kwenye benchi, mahali palipokuwa wazi, kati ya watu wa Kinama.

"Mama," mwenyekiti alisema taratibu, "na mikono ya huyu kijana?"

Saliha alimwona Callixte amekaza taya, anasubiri kuaibika. Alimjibu mwenyekiti lakini alimtazama yeye. "Ilikuwa juu kabisa, mbali na mpira. Wallahi, haukugusa hata kidole. Mimi siapi ovyo, waulize hawa." Na watu wa Bwiza, hata waliokuwa wamekasirika, walijua kwamba Saliha haapi ovyo. "Munagombana kama alistahili. Alistahili. Kati yetu sote ni yeye tu aliyeendelea kucheza."

Mwalimu aliyekuwa anaandika alipiga mstari juu ya yale maneno mawili.

Kikombe kilitolewa kabatini kikapewa Kinama. Kilikuwa kidogo kuliko watu walivyokumbuka. Nje, Chabani alisema mama yule ameuza mtaa, mwingine akamwambia anyamaze, na ubishi ukaanza upya kama hakuna kilichotokea. Callixte alimfuata Saliha hadi getini, akampa mikono yote miwili, akamwita mama. Saliha alimwambia awahi bariyeri kabla haijafungwa.

Tajudini alitembea hatua kumi mbele ya mama yake hadi wakavuka barabara kubwa. Huko akasimama, akamsubiri, akamnyang'anya termosi akaibeba. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni wewe uliyenifundisha kulala," alisema. "Kila siku. Tajudini, ukisikia kitu, lala. Nimelala, nimefungwa, na we umesimama pale nyuma yangu unaangalia."

"Ndiyo."

"Sasa nifanye nini siku nyingine? Nisimame?"

Saliha alimkamata mkono akamgeuza amtazame, katikati ya njia, watu wanawapita.

"Apana. Ukisikia, lala. Lala chini kabisa, ufunike kichwa, usiinuke mpaka nikuite. Umenisikia?"

"Na we?"

"Mimi nitakuwa nimesimama," alisema Saliha. "Atakayekugusa, nitamuona uso."