Kengele ya Guduudo

Ulianza mvumo, kisha hatua: puu, puu, puu. Shamso, akiwa bado juu ya msala wake chumbani, alitega sikio. Mtu alikuwa akitembea sebuleni, tena kwa haraka, lakini hatua hazikwenda mbali wala hazikukaribia. Miaka yote aliyofuata ngamia, hakuwahi kusikia mwendo wa namna hiyo.

Akatoka. Mwanawe Abdisalam, afisa wa kaunti, alikuwa juu ya mashine ya mazoezi, mkanda mweusi ukipita chini ya soksi zake, jasho likimchuruzika.

"Hooyo, mama yangu, njoo upande! Daktari alisema sukari yako inataka mwendo. Barabara nimekuletea ndani, na feni juu!"

"Nami nilikwambia unirudishe Kutulo, nikatembee nyuma ya ngamia wangu. Miezi minne nakuomba nauli, unaniletea chuma. Kwa nini?"

Abdisalam akazima mashine. "Huko kuna joto, hooyo."

"Na hapa Garissa kuna theluji?"

Abdisalam akainama kupangusa mashine. Ndipo shaka iliyokuwa ikimtambaa Shamso tangu Ramadhani ikakomaa. Mwanawe asingemnunulia njia isiyokwenda popote kama ile ya Kutulo ingekuwa bado na kitu mwishoni.

"Mpigie Khalif. Nataka kuisikia kengele ya Guduudo."

Kengele hiyo ya mti aliichonga marehemu mumewe, akamvisha Guduudo, ngamia kiongozi. Shamso angeitambua hata usingizini. Abdisalam akasema mtandao mbaya. Kisha simu haina chaji. Shamso akaketi juu ya mashine, akangoja. Mwishowe mwanawe akatoka uani, akanong'ona kidogo, akarudi na simu imefunguliwa sauti.

"Mama, salaam aleikum!" alisema Khalif, mchungaji wake. "Ngamia wazima, wanakula. Sikiliza."

Kolo-kolo-kolo-kolo.

Ilikuwa yenyewe. Abdisalam akashusha pumzi.

"Khalif, Guduudo anakimbia?" Shamso akauliza taratibu.

"La, mama. Amesimama, anakula."

"Ngamia anayekula, kengele yake hulia mara moja, ikanyamaza, kisha ikalia tena. Huo ni mkono wako, muongo wewe. Shingo iko wapi?"

Simu ikakatika.

Abdisalam akajikalisha sakafuni. "Ukame, hooyo. Walikwisha wote kumi na mmoja. Daktari alinionya nisikushtue."

"Walikufa au uliwauza?"

"Walikufa. Wallahi."

Shamso akamtazama sana. Macho ya mwanawe yalikuwa na machozi kweli. Lakini ni yeye huyu aliyetoka uani kunong'ona, dakika chache tu zilizopita.

"Sikiliza, Abdisalam. Ijumaa naondoka, kwa nauli yako au kwa bangili zangu. Nitayazunguka malisho yale mpaka niyaone mafuvu yao. Yakitimia kumi na moja, nakuahidi, nitakuomba radhi mbele ya ukoo wote. Likikosekana hata moja, nakuahidi vilevile: hutaniita hooyo tena."