Mlo wa Jumapili kwenye Nyumba ya Manjano

Jacinta Guillory alianza kukaanga unga asubuhi na mapema kwenye jiko la bweni, na unga ulipofikia rangi ya kahawia iliyokolea, mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Annelise Vander Kolk, msichana wa kizungu, mwenzake wa chumba tangu mwaka wa kwanza, alikaa kando yake akimenya kamba na kukatakata vitunguu huku machozi yakimchuruzika.

"Lia tu, shosti. Kitunguu hicho hakina huruma."

"Kwenu Louisiana mnapika hivi kila Jumapili?"

"Kwetu anapika bibi. Sisi wengine kazi yetu ni kutukanwa."

Ilikuwa zamu ya kwanza ya Jacinta kuipikia Nyumba ya Manjano. Katika chuo kile kidogo cha Michigan wanafunzi weusi walikuwa wachache hata wakatambuana kwa kuonana mgongo tu, na kila Jumapili jioni walikula pamoja katika nyumba ile nyuma ya maktaba, wao kwa wao. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Waliikuta, wakaifuata.

Sufuria ya gumbo, ule mchuzi wa kamba wa kwao Louisiana, ilikuwa nzito na njia ilikuwa barafu tupu, kwa hiyo Annelise alishika sikio moja na Jacinta akashika la pili, wakaenda kwa hatua za bata wakicheka. Jacinta alikusudia kumshukuru kwenye kona ya maktaba na kumalizia peke yake. Walifika kwenye kona, wakaipita. Neno lilikuwa dogo, lakini alipokuja kulipata walikuwa tayari wanapanda ngazi za baraza.

Mlango ukafunguliwa na Tremaine Oakes, kiongozi wa nyumba, kijana mpole ambaye muhula uliopita alimfundisha Annelise hesabu za takwimu bila kudai chochote.

"Mpishi kafika! Leo tunakula kama watu!" Kisha akamwona aliyeshika sikio la pili. "Annelise. Aisee, asante sana, umetuokoa. Lete, nipokee mimi."

Akapokea, akasimama pale pale mlangoni. Annelise alikuwa ameshaanza kufungua skafu yake. Akaifunga tena, taratibu.

"Ah. Sawa. Basi, mle vizuri." Akamtazama Jacinta.

Jacinta akaitazama sufuria. Akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake kwa sababu ya baridi.

Alidhani hatakula. Lakini watu walimzomea kwa wali wake ulioshikana, msichana mmoja kutoka Detroit akaapa kwamba gumbo bila bamia ni supu yenye maringo, na wote wakaanza kubishana kwa kelele, kila mtu kwa lafudhi ya nyumbani kwake. Hakuna aliyemwuliza kuhusu nywele zake. Hakuna aliyengoja aseme neno kwa niaba ya weusi wote. Mabega yake yakashuka, naye hata hakuwa amejua kwamba alikuwa ameyainua. Alipomkumbuka Annelise, alikuwa katikati ya kicheko.

Kumbe mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipita njia ameona yote. Akaandika kwenye gazeti la chuo kwamba mzungu aliyesaidia kupika amefungiwa mlango, na haikuchukua muda habari ikatoka nje. Watu wasiojua hata chuo kiko wapi wakawa wanamtukana Tremaine kwenye simu yake. Wengine wakamfanya Annelise shujaa, wengine wakamwita mpelelezi. Yeye hakusema na yeyote. Chumbani yeye na Jacinta walikuwa wakiongea habari za joto na zamu ya kufagia, kwa adabu, kama wageni waliokutana hotelini.

Wakubwa wa chuo wakamwagiza Mama Pettway, mlezi wa wanafunzi, alimalize jambo hilo kwa mazungumzo. Mama Pettway mwenyewe aliwahi kula kwenye nyumba ile enzi za usichana wake, na mazungumzo ya namna hiyo alikuwa ameyaendesha mpaka yamemchosha. Akapanga viti mviringo, akabandika ukutani masharti ya kuheshimiana, akakaa.

Wazungu walitazama viatu vyao. Kila aliyefungua mdomo alipima neno kama mtu anayevuka ziwa ambalo barafu yake haijakaza. Mmoja alisema yeye haoni rangi. Mwingine akasema yeye anaiona na anaomba radhi. Weusi walikunja mikono. Walikuwa wakieleza mambo haya tangu shule ya msingi, na safari hii kila mmoja alingoja mwenzake abebe mzigo huo.

"Mimi sikuumia," Annelise akasema akitabasamu. "Naelewa kabisa."

Jacinta alilijua tabasamu lile. Annelise alilitumia kwa daktari wa meno.

"Jacinta, mwanangu," Mama Pettway akasema, "una neno?"

Alikuwa na hotuba nzuri kichwani, yenye pande zote mbili. Lakini siku zile hakuwa amelala vizuri, na kilichomtoka ni kingine.

"Mlango ulipofungwa, nilifarijika."

Mama Pettway akavua miwani, akajifuta macho kwa kiganja. "Asante," akasema. Kikao kikaisha, na sahani za biskuti zikarudi jikoni zilivyokuja.

Kesho yake alasiri Annelise alimkuta Jacinta kwenye chumba cha kufulia, ameketi juu ya mashine.

"Kwa hiyo miaka miwili yote hii nimekuwa nikikuchosha?"

"Si wewe."

"Jacinta."

"Haya. Na wewe pia, mara nyingine. Ukiingia chumbani nabadilisha sauti. Nikiwa na hasira najiuliza kwanza itaonekanaje. Hukunifanya kitu, Annelise. Ni kazi tu, na Jumapili ndiyo siku yangu ya mapumziko."

Annelise alikunja soksi moja, akaikunjua. "Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungelia, halafu mimi ndiye ningekubembeleza."

"Silii sasa."

"Naona. Hongera."

Wote wawili karibu wacheke, wakashindwa. Mashine zikazunguka. Kisha Annelise, akiitazama soksi ile, akasema babu yake huwaongelea watu weusi mezani, kila sikukuu, na maneno yenyewe hawezi kuyarudia. Meza nzima hunyamaza na kupitisha viazi. Na yeye pia hupitisha viazi.

"Najua," Jacinta akasema.

"Unajua nini? Sijawahi kukwambia."

"Kwenu ni mwendo wa saa mbili. Sikukuu ya Shukrani mara mbili nimebaki hapa bweni nakula mkate na jibini, na unajua nauli ya kwetu siimudu. Umemwalika yule Mkorea wa ghorofa ya pili. Mimi hujanialika hata siku moja."

Annelise akafumba macho.

"Huo nao ni mlango," Jacinta akasema. Hakusema kwa hasira. Hasira ilikuwa imeshachakaa. "Ila haujaandikwa gazetini."

Pasaka ilipokaribia, Annelise alimwalika. Jacinta alishukuru, akakataa. "Sina nguvu za babu yako mwaka huu." Annelise akaenda peke yake, akarudi kabla ya siku yake, mashavu mekundu, begi halijafungwa vizuri.

"Nimemwambia."

"Ukamwambiaje?"

"Vibaya. Nilibabaika. Babu akainuka mezani, mama anasema nimeiharibu Pasaka ya watu wote."

Alisimama akingoja. Jacinta alijua anangoja pongezi, na hakuwa nazo za kumpa. Alijivuta kitandani, akamwachia nafasi.

"Umekula?"

"Hapana."

"Kaa basi."

Chuo kiliitaka Nyumba ya Manjano iwe wazi kwa wote. Mama Pettway alibishana nao mpaka wakakubaliana kwamba watu wote watakaribishwa kwenye Jumapili ya mwisho wa mwezi. Wazungu kadhaa walikuja ya kwanza, wakakaa wima, wakasifu kila sahani. Ya pili walikuja wachache zaidi. Ya tatu hakuja hata mmoja wao, na Tremaine akala sehemu yao. Annelise hakuja hata mara moja, na Jacinta hakumwuliza sababu.

Mwaka uliofuata Jacinta alihamia kwenye ile nyumba, Annelise akapata mwenzake mwingine wa chumba. Wakikutana njiani walisimama kuzungumza, hata kwenye baridi kali. Mara nyingine waligombana. Jacinta aligundua kwamba akigombana na Annelise sauti yake haibadiliki tena, ingawa uchovu ulikuwa pale pale.