Sehemu ya Dada

Watu wa filamu walikaa na Panzi msimu mzima. Walimfuata uwanjani, walimfuata bwenini, hata akipiga mswaki kamera ilikuwa pale ikimtolea macho. Mwanzoni alikereka, kisha akazoea. Siku walipofungasha vyombo na kwenda zao, alijishangaa akipiga mswaki kwa adabu, kana kwamba bado anatazamwa.

Alikuwa binti wa miaka kumi na minane, bingwa wa kuruka juu, na miguu yake mirefu ndiyo iliyompa jina hilo. Wenzake bwenini hawakumchukia. Ila tangu kamera zije walizoea kunyamaza akiingia, na kamera zilipoondoka ukimya ukabaki.

Filamu ilirushwa kwenye televisheni Jumapili mchana. Aliitazamia nyumbani kwa dada yake, msusi, ambaye alifunga saluni mapema na kuita majirani. Kwenye filamu kocha alieleza jinsi alivyompata Panzi hajui hata kuukimbilia ufito wa kurukwa, akamnoa mpaka akawa bingwa. Majirani wakapiga makofi. Dada naye akapiga. Panzi alikaa ameinamisha kichwa, akisubiri sehemu ya dada.

Maana aliyemfundisha kuruka ni dada. Yeye ndiye aliyekuwa mrukaji wa kwanza katika ukoo wao, kabla goti halijamwachisha. Yeye ndiye aliyefunga kamba kwenye nguzo za kuanikia nguo, akaburuta magodoro ya kitandani na kuyatandaza chini, mama akawafokea mpaka sauti ikamkauka. Panzi alimsimulia mwongozaji wa filamu yote hayo kamera ikiwa inarekodi, na machozi yakamtoka.

Filamu ikaisha. Dada alionekana mara moja tu, akipita kwa nyuma na beseni.

"Umetoka vizuri," dada alisema, akaanza kukusanya glasi.

Panzi alitoka nje akampigia mwongozaji simu.

"Mdogo wangu, sehemu ile ilikuwa nzuri sana," mwongozaji alisema kwa upole. "Lakini hadithi ilikuwa inakwenda pande mbili. Ilibidi tuchague."

Panzi hakumwambia dada kitu. Alirudi bwenini, na tangu hapo kila akipiga simu waliongea habari za mama, za umeme kukatika, basi. Dada hakugusia tena mazoezi, na Panzi hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Kocha alikuwa na mahojiano yake.

Jumamosi moja akashindwa kuvumilia, akaenda saluni. Dada alikuwa akimsuka mteja.

"Si wewe wa kwenye filamu?" mteja akauliza. "Kocha wako kakutoa mbali, jamani."

"Aliyenifundisha ni huyu anayekusuka."

Mteja alicheka, akidhani anataniwa. Vidole vya dada vilisita, kisha vikaendelea.

Walipobaki wawili, dada akasema, "Hukuwa na haja ya kunipamba mbele za watu."

"Sikupambi. Hata wale wa filamu niliwaambia. Walikata."

"Uliwaambia nini?"

Panzi akamweleza: nguzo, magodoro, mama alivyofoka. Dada alisikiliza ameshika ufagio, asifagie. Mwishowe akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Nilidhani unanionea haya," akasema.

Panzi akautwaa ufagio mkononi mwake, akaanza kufagia.

"Ule mruko wa mwisho," dada akaendelea, "uliusogelea mno ufito. Anzia nyuma kidogo."

"Umeonaje?"

"Huwa naiangalia tena ile filamu kwenye simu, nikishafunga saluni."

"Basi njoo uwanjani, Dada. Njoo uone mwenyewe."

Dada akatikisa kichwa. "Pale siwezi. Goti linaniuma hata nikipaona kwa mbali. Wewe nenda tu."

Jumatatu Panzi alitangulia uwanjani peke yake. Akarudisha alama yake ya kuanzia mbio nyuma nusu hatua, akakimbia, akaruka, akauvuka ufito bila kuugusa. Hapakuwa na mtu wa kumwona. Alilala kidogo pale kwenye godoro, kisha akainuka, akaenda kuupandisha ufito mwenyewe.