Siku Maji Yalipokaza

Usiku wa kuamkia leo niliota nachuja chai ya asubuhi kama ninavyoichuja kila siku, Baba amekaa mezani na ovaroli yake ya gereji, mara chujio likagoma.

"Haipiti," likasema.

Nikainamisha sufuria zaidi. Chai ilikuwa imesimama ndani kama ugali uliolala.

"Usinisukume," chujio likasema. "Maji ya nyumba hii yamekaza. Mdogo wako yuko katikati ya bwawa, haendi mbele wala harudi."

Nikalishukuru, maana mimi sijui kubishana, hata na chujio. Nilipogeuka kuweka sufuria chini, jiko letu la Mbeya lilikuwa limekwisha kuwa bwawa la mashindano. Wazazi wamejaa kwenye mabenchi. Baba bado amekaa kwenye kiti kilekile.

Hapa niseme jambo moja ambalo si la ndotoni. Mdogo wangu wa kike, Tusekile, ana miaka kumi, na anaogelea vizuri sana siku ambazo Baba hayupo. Jana jioni aliniambia kwamba mashindano ya leo yatakuwa ya mwisho kwake. "Baba akipiga kelele nageuka jiwe, Dada," alisema. "Usimwambie." Nami sikumwambia.

Basi ndotoni yuko pale, njia ya katikati, maji yamembana kiunoni, mkono mmoja umebaki hewani. Wenzake wanapita pembeni yake, kwenye maji ya kawaida.

"Kaza, mwanangu! Kaza!"

Ni Baba. Kila "kaza" inatoka mdomoni mwake ikiwa nati ya chuma, inadondoka bwawani, chubwi, na maji yanazidi kubana.

"Fundi, unatuharibia bwawa!" anasema Mama Lusajo, ambaye mwanawe anaogelea njia ya pembeni. "Hilo si gari la mteja."

"Namtia moyo mtoto."

"Unamtia nati."

Ndipo Maji yenyewe yakasema, kwa sauti ya karani aliyechoka. "Mzee, sisi nia ya mtu hatuisikii. Tunasikia maneno. Umesema kaza, tumekaza. Kama una lingine, lete."

Baba akafikiri. "Vuta!"

Maji yakavutika upande mmoja kama shuka, yakamwacha Tusekile miguu nje. Akaanza kutetemeka.

"Pasua!"

Yakapasuka pande mbili. Chini palionekana vigae na kibanio cha nywele cha mtu.

"Kimbia, mama, kimbia!"

Maji yakainuka, yakatoka getini mbio, yakashika barabara ya Mwanjelwa. Kocha akayafuata na filimbi mdomoni. Yaliporejea yalikuwa yanahema, na yakajipanga kumzunguka Tusekile, magumu kuliko mwanzo, mpaka kidevuni.

"Kuogelea anafundisha kocha," kamba inayogawa njia za bwawa ikasema bila kunyanyua kichwa. "Mzazi kazi yake taulo na uji wa moto."

Mama Lusajo alikuwa amekwisha kutii. Alikuwa amegeuka taulo kubwa la maua, limetandazwa kwenye benchi, na lilionekana limeridhika kabisa. Baba naye akajaribu. Akawa tambara la kufutia oili. Akajirudisha haraka kabla hajaonwa.

"Dada!" Tusekile akaniita.

Mimi huwa nainua mkono kwenye vikao, lakini naushusha kabla mwenyekiti hajaniona. Sasa sikuwa na muda wa kuushusha.

"Baba!" Sauti yangu ilitoka kubwa hata saa ya ukutani ikasimama kunisikiliza. "Ukisema kaza, unataka kusema nini?"

Baba akafungua mdomo. Nati haikutoka. Akavua viatu, akaviweka sawasawa chini ya kiti, akaingia bwawani na ovaroli yake.

Alipopita, maji yalilegea. Alitembea yamemfika kifuani, uso umempauka, mpaka kwa Tusekile. Akapitisha viganja chini ya mgongo wake, polepole, kama anavyobeba kioo kipya cha gari, akamlaza juu ya maji. Hakusema kitu.

"Hilo tumelielewa," Maji yakasema.

Nati zote zikapanda juu zikaelea, kama maandazi kwenye mafuta. Baba akaondoa mikono. Tusekile akajigeuza na kuanza kuogelea.

Anawapita wenzake wote. Anaufikia ukuta, ukuta unasogea kumpisha, unamwambia samahani. Bwawa linaingia sokoni, akina mama wananyanyua vikapu vyao, mmoja anauliza, "Huyu ni mtoto wa nani jamani?" na Baba anajibu, "Wangu." Anazunguka mnara wa simu, anarudi. Taulo la maua linapiga makofi, sijui kwa mikono gani. Anagusa ukuta wa kumalizia akicheka, wakati wenzake bado wanauomba ule mwingine uwapishe.

Nikaamka kumekucha.

Mtaani kwetu maji yamekatika tangu juzi, na ndoo zetu zote ni kavu. Baba alikuwa mezani. Nilipomsogezea mkate niliona vidole vyake. Oili haijawahi kutoka kwenye vidole vile, hata sikukuu. Leo vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, kama vya mtu aliyeshinda majini.

Akaona ninavyovitazama, akavificha chini ya meza.

Tusekile akaingia na begi lake.

"Kaa kidogo, mama," Baba akamwambia. Akakohoa. "Mimi sijui kuogelea."

"Wewe? Na unavyonifokea vile?"

"Sikufokei. Naogopa. Ukiingia kwenye maji, roho yangu inatoka."

Tusekile akacheka kicheko ambacho sijakisikia mwezi mzima. "Basi uje leo, Baba. Na mashindano yajayo uje."

"Na kelele je?"

"Piga. Ila useme unachotaka kusema."

Baba akasimama, kana kwamba jiko lilikuwa limejaa watu. Akavuta pumzi.

"Usizame, mwanangu!" akapaza sauti, hata jirani akafungua dirisha. "Ukigusa ukuta tu, hata ukiwa wa mwisho, mimi nimeshashinda!"