Z ya Kuzuia, W ya Wazi

Byiringiro alikuwa na vidole visivyoangalia. Nilimuambia mara ngapi: we kijana, tazama unachobonyeza. Alicheka tu. "Mama Anastasie, vidole vyangu vinajua njia kuliko macho." Basi nilikasirika, nikamuacha, nikaenda kusoma habari zangu.

Tulikuwa tunatumika kazi pamoja kwenye redio ndogo hapa Baraka, kando ya ziwa, wakati vita ilikuwa imekamata njia ya kupanda Bibokoboko, kule milimani. Yeye ndiye aliandika programu ya kutuma ujumbe kwa simu za bantu bote wa ile njia, wafugaji wa juu na bamama wa soko wa huku chini. Na sababu hakupenda kuandika maneno yaleyale kila siku, alitengeneza makro mbili. Unafinya Alt na herufi moja, mashine inaandika sentensi yenyewe, inahifadhi, inatuma. Z ilikuwa ya kuzuia: "Njia imezuiwa, musipite." W ilikuwa ya wazi: "Njia iko wazi, mupite." Kazi muzuri, siwezi kusema uongo. Ilisaidia bantu wengi.

Halafu paa ilivuja, maji yakaingia ndani ya mashine, ikakufa. Tukaletewa ingine kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, Byiringiro akaweka programu yake ndani, lakini klavye, vile vibonye vya kuandikia, ilikuwa ya Kiingereza. Sisi huku tumejifunza kwa klavye ya Kifaransa. Pale Mufaransa anaweka Z, Mwingereza ameweka W. Mi nilimuambia abandike hata karatasi juu ya zile herufi. Akasema atapanga yote, akipata nafasi.

Asubuhi moja bibi yake wa ndoa, Gatesi, alikuwa kule juu, kwenye kilima ambapo rezo ya simu inashika. Alikuwa anangoja ujumbe, ajue kama anaweza kushuka kuja kwa bwana yake. Muntu wa pikipiki akaingia kwetu, akasema benye bunduki bamekaa njiani, karibu na mto. Byiringiro hakuuliza kitu. Alifinya mbio, pale vidole vyake vilizoea Z, macho yake iko kwa yule muntu.

Mi ndiye niliona skrini. Iko wazi, mupite. Nikapiga kelele, naye akatuma ya kuzuia palepale, kisha akapiga simu, akapiga tena, akapiga tena. Gatesi alikuwa ameshaacha kilima, na kule bondeni hakuna rezo. Bale walikuwa nyuma walisikia risasi, wakarudi. Yeye alikuwa mbele.

Tangu siku hiyo ninamukasirikia Byiringiro na ninamuhurumia, yote mawili pamoja, na hakuna linaloshinda lingine. Alikuwa anakuja kazini, anakaa, hagusi mashine. Hakuna muntu alimuuliza kitu, mpaka mama mukwe wake alipofika.

Mama Mukarurangwa alishuka kwa miguu baada ya mazishi. Alikuwa na simu ya Gatesi, ameifunga ndani ya kitenge. Yeye hasomi. Alisema kwa Kiswahili, si kwa luga yao, nadhani alitaka na mi nisikie: "Mukwe wangu, nisomee. Ulimuandikia nini mwanangu?"

Byiringiro akashika simu. Ujumbe ulikuwa mbili ndani. Wa pili uliingia wakati Gatesi hayuko tena. Akasoma huo wa pili.

"Njia imezuiwa, mama. Musipite."

 Mama akatengeneza kitenge chake begani.

"Kwa hiyo ulimukataza, na yeye akashuka tu?"

 Nilitaka kumunyang'anya Byiringiro ile simu, mikono yangu ikakataa.

"Hapana," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Gatesi nilimuzaa mi. Kama ulimuambia asipite, hangepita. Soma tena, mwanangu. Soma ile yeye alisoma."

Byiringiro akarudi kwa ujumbe wa kwanza. Halafu akasoma.

"Njia iko wazi. Mupite."