Jaza Kwanza

"Saba," alisema muuza mkaa kabla hata hajakaa.

"Hujaangalia hata ubao," kinyozi akamjibu, mashine ikinguruma nyuma ya sikio la mteja.

"Niangalie nini? Ipo siku itakuwa saba."

Benchi zima likacheka. Kila asubuhi kinyozi aliandika kwa chaki, kwenye ubao mdogo kando ya kioo, mfuatano wa namba wenye pengo moja, na aliyeipata namba iliyokosekana alinyolewa bila kusubiri zamu. Leo aliandika 2, 3, 5, 9, akaacha pengo, kisha 33. Waliokuwa wakisubiri walikuna vichwa, wale waliobakiwa na nywele za kukuna. Siku nyingine angewachokoza mpaka basi, lakini leo macho yake yalikuwa mlangoni.

Jana dada yake alimpigia simu. "Bintiyo anahama kesho, yeye na mumewe. Atapita hapo kukuaga. Halafu ana mimba. Anataka akwambie mwenyewe, kwa hiyo jifanye hujui. Na tafadhali kaka, usimpe hesabu zako."

"Nimpe za nini, mtu mzima yule?"

"Nakufahamu mimi."

Hesabu zenyewe zilianzia nyumbani, si kibandani. Mkewe alipofariki alimwachia mtoto wa darasa la pili, na yeye hakujua azungumze naye kitu gani. Basi kila mtoto alipomjia na la kusema, alimwandikia namba kwenye kipande cha karatasi. "Jaza kwanza, ndipo useme." Mtoto alijaza. Akawa mwepesi ajabu, na baba akajigamba kwa majirani kwamba binti yake ana kichwa. Hakugundua ni lini yale ya kusema yalianza kupungua, mpaka yakabaki majibu matupu.

Binti alifika jua likiwa limepanda, amevaa gauni pana, mkoba begani. Benchini wakajisogeza kumpisha, lakini hakukaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, karibu." Akazima mashine, akamwacha mteja na kichwa nusu.

Tangu alfajiri alikuwa ameandaa sentensi nzuri ya kumpokea. Sasa haikuwepo.

"Gari letu linaondoka saa nane," binti alisema. "Lakini baba, nilikuwa nataka kukwambia..."

Akanyamaza, akitafuta pa kuanzia. Ulikuwa ukimya mfupi, wa kawaida kabisa. Ila kinyozi alikuwa amejaa furaha, akaogopa uso wake utamsaliti, utasema kwamba anajua. Mkono ukajiendea wenyewe ubaoni.

"Jaza kwanza," alisema, akitabasamu.

Alidhani ni utani wao wa siku zote. Binti aliutupia ubao jicho moja tu.

"Kumi na saba."

"Mmemwona?" kinyozi akawageukia wa benchini. "Kila namba mara mbili, unatoa moja. Nyinyi mko hapa tangu asubuhi. Haya mwanangu, sema sasa."

"Nilikuja kukuaga tu."

"Hapana, ulikuwa na jambo."

"Baba," alisema kwa upole, upole wa mtu aliyeacha kukasirika siku nyingi, "mimi sikuwahi kuzipenda hizi namba. Nilikuwa nazijaza ili unisikilize."

Akamshika mkono, pamoja na nywele za watu zilizouganda, akaubana kidogo. Kisha akatoka. Mteja wa kichwa nusu akakohoa.

Kinyozi alimmalizia, tena vibaya, hakumtoza. Akawaambia waliobaki kwamba leo anafunga, na hata muuza mkaa hakuleta maneno. Kibanda kilipobaki kitupu aliketi kwenye kiti cha wateja. Hakuwa baba mbaya, na hilo ndilo lililomuuma. Alimpikia yule mtoto, alimfulia, alimsuka nywele kwa vidole visivyojua kusuka, lakini hakuwahi hata mara moja kumwacha amalize neno kwa wakati wake mwenyewe.

Akapiga simu.

"Baba? Kuna kitu nimesahau hapo?"

"Hapana. Ni mimi nilikukatiza."

Nyuma ya binti zilisikika kelele za abiria na mizigo ikirushwa juu ya gari. Kinyozi alijisikia midomo ikimwasha. Angeweza kuuliza kama wamepata siti, kama mumewe amebeba maji, angeweza kusema lolote. Akayameza yote. Upande wa pili ilikuja pumzi moja ndefu, kisha nyingine, na simu haikukatwa. Akaibana sikioni kwa mikono miwili, akasubiri.